Wazazi 68, kikaoni wanafika wachache: habari za masomo ziwafikie vipi wengine?

Manyatta_Gredi3

Habari za jioni walimu na wazazi wenzangu. Naomba mawaidha ya kazi, yaani mambo tunayoweza kuanza Jumatatu.

Mimi ni mwakilishi wa wazazi wa Gredi ya 3 katika shule ya umma ya kutwa hapa Kisumu. Darasa lina watoto 68. Wazazi 41 wako kwa WhatsApp, 24 wana kabambe tu (simu ndogo isiyo na WhatsApp), watatu hawana simu. Kikao cha muhula kinafikiwa na watu chini ya ishirini, tena wengi ni wale ambao watoto wao hawana shida. Waliobaki wanapata habari siku ya kufunga shule, ripoti ikifika nyumbani imeandikwa "Kukaribia Matarajio", na muhula umeshakwisha.

Mwalimu wa darasa ana moyo lakini hawezi kupigia watu 68 simu. Wazazi wamekubali kuchanga shilingi 20 kila mmoja kwa muhula kwa mawasiliano peke yake. Tutumie njia gani, tuandike nini, na kikao kiwe saa ngapi ndipo watu waje? Pia tuna nyanya wanaolea wajukuu na hawasomi Kiswahili wala Kiingereza. Hao tuwasaidie vipi?

---

Mwalimu_Ahero

Kabla hujachagua njia, tengeneza orodha. Namba nyingi zilizo ofisini ziliandikwa siku mtoto alipoingia PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, na laini zimebadilika tangu hapo. Upande wetu huu wa Nyando, namba iliyo kwenye faili mara nyingi ni ya baba aliye Nairobi au Mombasa, na mtoto analala kwa nyanyake. Ujumbe unamkuta baba kazini, anasema atapiga nyumbani jioni, na habari inafia hapo.

Chukua daftari kubwa na upige mistari. Safu ya kwanza jina la mtoto na namba yake ya usajili. Inayofuata ni mtu anayelala nyumba moja na mtoto, hata kama si yeye anayelipa. Halafu namba ya simu na jina la mwenye simu, namba ya pili ya jirani au shangazi, aina ya simu, lugha anayoielewa vizuri, na saa anayopatikana. Ukimaliza, piga kila namba. Isiyoita iweke alama nyekundu na umtume mjumbe wa mtaa akaulize. Kazi hii irudiwe wiki ya kwanza ya kila muhula. Usimpe mtoto fomu abebe nyumbani halafu ungoje irudi. Fomu nyingi huishia chini ya mkoba.

La pili ni yale yanayoandikwa. Mzazi ambaye kila ujumbe wa shule ni deni au kosa la mtoto huzoea kutousoma, na sioni namna ya kumlaumu. Mimi ningeweka sharti hili: kwa kila ujumbe mmoja wa pesa, zitangulie jumbe tatu za masomo. Na ujumbe wa masomo usiseme "msaidie mtoto wako nyumbani". Hakuna mzazi anayejua afanye nini na maneno hayo. Useme wiki hii darasa linafundishwa nini, mtoto afanye zoezi gani jioni, atumie kitu gani, kwa dakika ngapi.

Vilevile jumbe za vifaa. Mtaala wa umilisi unataka watoto watengeneze vitu, na mzazi akiambiwa saa moja usiku kwamba kesho kunahitajika manila, gundi na rangi, atakasirika na ana haki. Tangazo litoke wiki moja mbele, na liwe na mbadala wa bure: boksi la kartoni, upande mweupe wa mfuko wa unga, uji wa unga wa ngano badala ya gundi.

---

Jumbe_na_Mitambo (Nakuru)

Niongeze upande wa SMS, kwa sababu hapa ndipo pesa za wazazi hupotea bila mtu kujua.

SMS moja ina nafasi ya herufi 160, ukihesabu nafasi na nukta. Ukizidisha herufi moja tu, zinakuwa SMS mbili na unalipia mbili, na kila kipande sasa kinabeba 153, kwa kuwa nafasi nyingine inatumika kuunganisha vipande. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni hili: ukiweka alama moja isiyo kwenye orodha ya herufi za kawaida za simu, ujumbe mzima unabadilishwa mfumo na nafasi inashuka hadi 70. Emoji inafanya hivyo. Na kwa Kiswahili kuna mtego mkubwa zaidi, ile alama ya ng'. Ukiandika kwenye kompyuta au simu inayopinda alama ya juu yenyewe, "ng'ombe" yako inabeba alama iliyopinda, na ujumbe uliodhani ni mmoja unatoka vipande vitatu. Andika ujumbe moja kwa moja kwenye ukurasa wa kutumia SMS, ukitumia ile alama iliyonyooka, na usiunakili kutoka kwa waraka. Ukurasa huo kwa kawaida unaonyesha idadi ya herufi na vipande. Itazame kabla ya kubonyeza tuma.

Mfano wa ujumbe wa Gredi ya 3:

*GREDI 3: Wiki hii ni kutoa kwa kukopa, mf. 52-27. Mpe mtoto hesabu 5 kila jioni, atumie vifuniko vya soda. Swali? Nipigie saa 10-11 jioni. 07XXXXXXXX*

Huo una herufi 149. Umetaja somo, zoezi, kifaa, na saa ya kupiga.

Namba hiyo ya mwisho msiiache. Jumbe zinazotumwa kwa wingi zikiwa na jina la shule mahali pa namba haziwezi kujibiwa. Mzazi anabonyeza "jibu", inakataa, anaona shule haitaki kumsikia. Pia, aliyezuia jumbe za matangazo kwenye laini yake anaweza kukosa jumbe zenu ikiwa jina la mtumaji limesajiliwa kama la matangazo. Mwambie anayewauzia huduma asajili jina kwa ajili ya taarifa za huduma. Baada ya kutuma, fungua ripoti ya ufikishaji na uandike zile zilizokwama. Namba ikikwama mara tatu mfululizo, rudi kwa daftari la Mwalimu_Ahero.

---

Kondele_Mzazi

WhatsApp inatosha jamani. Mbona tulipie SMS? Walio na kabambe wataambiwa na majirani.

---

Mwalimu_Naivasha

Hapana, Kondele_Mzazi, haitatosha. Wale 24 wa kabambe na watatu wasio na simu ndio mara nyingi watoto wao wanahitaji kufuatiliwa, na jirani hana wajibu wa kubeba habari za mtoto wa mwingine. Hata kati ya wale 41, bando huisha, na mtu anafungua WhatsApp Ijumaa kusoma habari ya Jumatatu.

Kikundi kina kazi yake, ila kipangwe. Fungua mipangilio ya kikundi uweke kwamba wasimamizi pekee ndio wanaoandika. Mzazi mwenye swali amwandikie mwalimu au mwakilishi faraghani. Msipofanya hivyo, tangazo la masomo litazikwa chini ya salamu za asubuhi, sala na michango ya harambee ndani ya saa moja. Picha ya ubao ikipigwa iwe karibu na yenye mwanga, kwani picha iliyofifia mzazi hawezi kuisoma. Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja. Ile orodha ya matangazo ambapo unatuma kwa wengi mara moja bila kikundi hufikia tu mtu aliyehifadhi namba yako, na mwisho wake ni watu 256. Walimu wengi hudhani wametuma kwa wote, kumbe robo tatu ya simu hazijahifadhi namba yao.

Matokeo ya mtoto kwenye kikundi, kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na matumizi yawe kwa faida ya mtoto mwenyewe. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi hadharani bila idhini ya wazazi. Orodha ya majina na viwango ikitumwa kwa watu 41, asubuhi mtaa mzima umejua nani yuko "Mbali na Matarajio", na mzazi wa mtoto huyo hatarudi shuleni.

Sasa kikao. Saa mliyoweka ndiyo inayochagua nani aje. Jumapili ni siku kubwa ya soko la Kibuye, kwa hivyo mama wa mitumba na wa mboga hawapo. Jumamosi Waadventista wako kanisani, na Kisumu ni wengi. Asubuhi ya siku ya kazi mmewakosa watu wa boda na wa vibarua. Huku kwetu mashamba ya maua hayampi mtu ruhusa wiki zile za kuelekea Valentine ya tarehe 14 Februari, kwa hivyo kikao cha muhula wa kwanza hakifai kuwekwa mapema Februari. Kwenu tazameni msimu wa kupanda, Machi na Aprili, na mvua inapofurisha Nyando barabara hazipitiki.

Na je, ni kikao cha aina gani? Mkutano wa hotuba kwa muda wa saa tatu, mzazi akikaa kwenye dawati la mtoto akisikiliza mambo ya lango na tangi la maji, haumpi habari ya mtoto wake. Anachotaka ni dakika chache na mwalimu wa darasa. Hesabu yake ni rahisi: watoto 68 kwa dakika 7 ni dakika 476, karibu saa nane. Kwa siku moja haiwezekani. Gawa kwa jioni nne, wazazi 17 kila jioni, inakuwa dakika 119. Masomo yakiisha saa tisa na nusu, anza saa tisa na dakika arobaini, saa kumi na moja na dakika arobaini mwalimu anafunga mlango. Kila mzazi apewe karatasi yenye siku na saa yake, si "njoo Jumanne". Anayeuza sokoni anaweza kumwachia jirani kibanda kwa nusu saa. Kwa jioni nzima hawezi.

Panga wazazi wa watoto wanaokwama jioni ya kwanza, ili muhula ubaki na wiki za kutosha za kufanyia kazi. Benchi la kungojea liwe mbali na mlango, maneno yasisikike. Mezani weka madaftari ya mtoto yakiwa wazi kwenye kurasa mtakazozungumzia.

Katika zile dakika saba, anza na kile mtoto anachoweza, na umwonyeshe mzazi kwa kidole kwenye daftari. Kisha mahali anapokwama, pasemwe kwa usahihi. "Ana shida ya kusoma" haisaidii. "Anasoma *baba* na *kitabu* bila shida, lakini akifika kwenye *mbwa*, *mchwa* au *kunywa* anaruka herufi" inasaidia. Kisha uliza: nyumbani anasomea wapi na saa ngapi? Hapo ndipo utajua kama taa huzimwa mapema, kama anachota maji hadi giza, kama analea mdogo wake. Malizia na kazi moja ya nyumbani ya wiki mbili, iandikwe kwenye kipande cha karatasi aondoke nacho. Kazi moja. Mzazi akipewa tano hafanyi hata moja.

Kikao hiki huharibika mwalimu akianza na utundu wa mtoto, au akimlinganisha na mtoto wa jirani. Mzazi huinamisha kichwa, anasema "sawa mwalimu", na usiku mtoto anachapwa. Hujamsaidia mtu.

---

Katibu_Bungoma

Juu ya zile shilingi 20. Nia ni njema, ila fuateni utaratibu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inasema masomo katika shule ya umma hayatozwi karo. Malipo mengine yanahitaji idhini ya Waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata yakikubaliwa mtoto hawezi kuzuiwa shuleni kwa kuwa hajalipa. Kifungu hichohicho kinataka risiti rasmi. Kwa hivyo mchango wenu uwe wa hiari kweli, usitajwe mbele ya watoto, na mzazi asiyetoa apate jumbe sawa na aliyetoa. Hesabu ibandikwe ubaoni karibu na lango: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, kwa kazi gani.

Jambo la pesa ndilo linalofukuza wazazi kikaoni kuliko saa. Mtu mwenye deni hafiki mahali anapojua atatajwa. Tenganisheni kabisa: zile jioni nne za mwalimu wa darasa zisiwe na karani, zisiwe na orodha ya madeni. Deni lizungumzwe ofisini, siku nyingine, mtu mmoja mmoja.

Na msiishie kupokea habari tu. Chini ya sheria hiyo kila mzazi ni mwanachama wa Chama cha Wazazi, kila darasa lina mwakilishi, na bodi ya usimamizi ina nafasi sita za waliochaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii. Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 15,042 kwa wa sekondari msingi. Mzazi anayejua tarakimu hizo huuliza bodi maswali yenye maana: zimefika kiasi gani muhula huu, vitabu vimenunuliwa vingapi, mbona watoto watatu wanatumia kitabu kimoja. Mwakilishi, chukua maswali matatu ya wazazi uende nayo kwa bodi, na majibu uyarudishe kwa SMS ileile. Wazazi wakiona swali lao limejibiwa, wataanza kusoma jumbe.

---

Manyatta_Gredi3

Asanteni sana, hasa ile hesabu ya dakika saba. Nimebaki na mawili. Walezi wasiosoma wafanye nini jioni? Na dada yangu ana mtoto Gredi ya 7, anasema haelewi ni lini alama zinaanza kuhesabiwa.

---

Mwalimu_Kakamega

La walezi wasiosoma nalijibu kwa urefu, maana wengi huambiwa "wewe huwezi kusaidia" na wanaamini.

Nyanya asiyejua kusoma bado anaweza kulikagua daftari. Tarakimu anazijua, kwa pesa na kwa simu. Basi atazame tarehe iliyo juu ya ukurasa wa mwisho. Ikiwa leo ni tarehe 20 na ya mwisho ni 9, kuna siku ambazo mtoto hakuandika, na hapo kuna swali la kumuuliza mwalimu. Atazame wino mwekundu. Kurasa nne bila alama ya mwalimu, ni haki yake kuuliza, kwa upole. Palipo na alama ya mkasi (X) ya kosa, chini yake panapaswa kuwa na masahihisho. Pasipokuwa nayo, kosa hilo litarudi kwenye tathmini.

Halafu alishike daftari mkononi alifungue katikati, penye pini. Karatasi za daftari zimekunjwa pamoja. Mtoto akichana ukurasa ulio mbele, mwenzake wa nyuma hulegea na kutoka kwa urahisi. Daftari linalomwaga karatasi ni daftari lililochanwa, na mara nyingi zilizochanwa ndizo zilizokuwa na makosa mengi. Asimkemee mtoto kwa hilo. Mtoto huficha makosa anapoogopa, na akizidi kuogopa ataficha zaidi.

Kusoma: dakika kumi kila jioni, mtoto asome kwa sauti, nyanya akifanya kazi zake jikoni. Watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 wana ujanja wa kukariri ukurasa mzima kwa kusikia wenzao darasani. Anakitazama kitabu, anasema maneno, lakini hasomi. Kumjua, mlezi afunike picha kwa kiganja, kisha aweke kidole kwenye neno lolote katikati ya mstari na aseme, "Hili ni nini?" Mtoto anayesoma atajibu. Aliyekariri atarudi mwanzo wa mstari na kuanza kusema kimoyomoyo hadi afike kwenye neno lile. Hiyo ni habari ambayo hata mwalimu mwenye watoto 68 anaweza kuikosa. Nyanya ampelekee.

Akimaliza kusoma, amsimulie nyanya hadithi ile kwa Kijaluo au Kiluhya, lugha ya nyumbani. Mtoto aliyesoma maneno yote lakini hawezi kusema nani alifanya nini, hajaelewa. Kwa jambo hili nyanya ni hodari kutushinda, anajua hadithi iliyokamilika na iliyokatika.

Kwa hao wa kabambe na wasio na simu, mwalimu arekodi mawaidha ya wiki kwa lugha ya nyumbani kwenye simu ya mjumbe wa mtaa, dakika moja, na mjumbe awachezee walezi wake. Walezi 27 ukiwagawa kwa wajumbe wanne, kila mmoja ana sita au saba. Mpate mjumbe anayepita njia hiyo kila siku, kama fundi au muuzaji wa mboga, asilazimike kufunga safari.

Daftari la mawasiliano nalo linafaa, la kurasa 48 tu. Linakufa kwa sababu mwalimu anajaribu kuandika madaftari 68 kila siku, na wiki ya pili anachoka. Gawa darasa kwa siku tano, madaftari 14 kwa siku, Ijumaa 12. Sentensi moja kwa kila mtoto. Asiye na uwezo wa kuandika atie kidole gumba chenye wino, au mtoto wa jirani wa gredi za juu amwandikie jibu. Sahihi iangaliwe wiki ya kwanza ilinganishwe na ya baadaye, maana watoto wa Gredi ya 3 wanajua kuiga mwandiko wa mama.

---

SekondariMsingi_Njoro

Kwa dada yako wa Gredi ya 7: alama zimeshaanza. Matokeo ya KJSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa Gredi ya 9, hujengwa kwa asilimia 20 kutoka KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 kutoka mtihani wenyewe wa Gredi ya 9. Anayengoja Gredi ya 9 ndipo afuatilie amechelewa.

Amuulize mwalimu wa darasa tathmini ya shuleni itafanywa wiki gani, na kazi za mikono zinahitaji nini. Baada yake aulize kama alama zimepakiwa kwenye mtandao wa Baraza la Mitihani, kwani mtoto asiyekuwepo siku ya zoezi huachwa na pengo. Na alete nakala ya cheti cha kuzaliwa, walinganishe herufi kwa herufi jina na tarehe ya kuzaliwa na vilivyosajiliwa. "Achieng" na "Achieng'" zimeleta usumbufu. Kurekebisha mapema ni kazi ya dakika chache, na baada ya usajili kufungwa ni safari za ofisi.

Ngazi zenyewe zimekuwa nane, maana kila kiwango kati ya vile vinne (Kuzidi, Kufikia, Kukaribia na Mbali na Matarajio) kimegawanywa mara mbili. Mtoto wa ngazi ya juu ndani ya "Kufikia" na wa ngazi ya chini ndani ya "Kufikia" si sawa wakati wa kuchagua mkondo wa sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi ya 12): Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati (huo ni mkondo mmoja); Sayansi za Jamii; au Sanaa na Michezo. Mzazi aombe kuonyeshwa somo kwa somo, asiridhike na neno moja la jumla.

---

Mwalimu_Ahero

Nimesahau moja, na kwangu ndiyo ya kwanza kwa uzito: kukosa shule. Rejista ikishaitwa, majina ya wasiokuwepo yapigiwe simu kabla ya saa nne asubuhi siku hiyohiyo. Swali liwe "Yuko salama?" na si "Mbona hajaja?" Wapo wazazi wanaojua mtoto ametoka nyumbani kwenda shule, na shule inajua hakuja, na hakuna aliyemwambia mwenzake hadi jioni. Siku ya pili mwakilishi apige. Siku ya tatu mjumbe wa mtaa afike. Mara nyingi ni malaria, sare chafu, au aibu ya deni, na kila moja ina njia yake ikijulikana mapema.

---

Manyatta_Gredi3

Nimeandika yote. Swali la mwisho kwa Jumbe_na_Mitambo: SMS ya kila wiki tuitume kwa wale 27 tu, au kwa wote 68?

---

Jumbe_na_Mitambo

Kwa wote. Wa WhatsApp bando likiisha SMS inamfikia, na hapo hakuna mzazi wa daraja la pili. Wale watatu wasio na simu tumia namba ya jirani iliyo kwenye daftari, kwa ruhusa ya pande zote mbili, na anza ujumbe kwa jina la mlezi ili jirani ajue ampe nani.

Hesabu: mkichanga shilingi 20 mara 68 mna 1,360. Bei ya SMS hutofautiana kwa kampuni na kwa wingi unaonunua, basi tuchukue shilingi moja kamili kwa usalama. SMS moja kila wiki, watu 68, wiki 13 ni shilingi 884. Zinabaki 476. Hizo ziwe salio la mwalimu la kupigia wasiofika shuleni, na ziandikwe kwenye ule ubao wa lango. Ikiwa ujumbe wa wiki utatoka vipande viwili, 884 inakuwa 1,768 na mmepita bajeti, kwa hivyo mtu mmoja mwenye macho makali awe na kazi ya kuhesabu herufi kila Jumapili jioni kabla ya kutuma. Jumatatu saa kumi na mbili unusu asubuhi ni saa nzuri ya kutuma: simu imetoka kuchajiwa, mtoto bado yuko nyumbani, na mzazi hajaondoka kwenda kazini.